Tenga Kabla Hujagawa

Mpwa wangu,

Picha ya skrini uliyonitumia kutoka Ubundu imefika, nami nimeisoma mstari kwa mstari. Laptopu ya shule inazimika kabla haijauliza jina wala neno la siri. Umeniandikia kwamba wenzako walikushauri kila mmoja lake, nawe ukayajaribu yote: ukaweka `mem=2G`, ukapandisha, ukashusha, ukafuta. Nakuomba uache kwanza. Parameta usiyojua inagusa nini ndani ya kerneli inaweza kuiwasha mashine huku ikiuficha ugonjwa wake. Ugonjwa huo utajitokeza siku nyingine mahali pengine kabisa: faili la alama za wanafunzi limeharibika, programu inaanguka mchana kweupe, na hakuna atakayekumbuka kwamba mambo yalianza kuharibika katika sekunde ya kwanza.

Nafurahi kwamba umechagua kujifunza sehemu hii. Vijana wengi wa rika lako wanapenda kutengeneza programu za simu, na siwalaumu, maana kazi hiyo inamlisha mtu. Lakini Ubundu mashine nyingi zimekwisha kutumika kwingine kabla ya kufika, na fundi wa kukusaidia yuko Kisangani, mwendo wa treni ambayo haina siku ya hakika. Aliye mbali na fundi inampasa ajue yanayotokea tangu anapobonyeza kitufe hadi skrini inapoanza kuandika.

Basi tuanzie hapo. Kerneli ya Linux inapokabidhiwa mashine, haijui ina RAM kiasi gani. Haina mgawaji wa kumbukumbu, haina orodha ya kurasa, haina pa kuweka hata jedwali dogo isipokuwa nafasi iliyojengwa ndani yake tangu ilipotungwa. Ujuzi wake wa kwanza ni wa kuambiwa. Kwenye kompyuta za aina yako, BIOS au UEFI inatoa ramani ambayo mafundi wanaiita e820, na kwenye bodi nyingi za ARM ramani hiyo inatoka katika faili la maelezo ya vifaa linaloitwa device tree. Ramani hiyo inachapishwa mwanzoni kabisa mwa ripoti ya `dmesg`, ile sehemu ambayo wengi wanairuka wakikimbilia chini.

Usiiruke. Chukua mstari mmoja tu na ukae nao. Mstari huo unasema kwamba anwani kuanzia 0x0 hadi 0x9fbff ni "usable", yaani kerneli inaruhusiwa kuzitumia. Fanya hesabu kwa mkono: 0x9fc00 ni baiti 654,336, sawa na KB 639. Kwa nini 639 na si 640? Kwa sababu KB moja ya mwisho BIOS imejishikia kwa mambo yake, na mstari unaofuata unaonyesha hivyo kwa neno "reserved". Kutoka KB 640 hadi MB 1 ni eneo la kadi ya picha na la BIOS yenyewe, urithi wa kompyuta za IBM za mwaka 1981. Baada ya MB 1 ndipo linapoanza shamba kubwa, nalo pia lina mashimo. Kwa hiyo zile GB 2 ulizoambiwa dukani hazikai pamoja kama kitu kimoja. Ni vipande, na kati ya vipande kuna mahali ambapo ukiandika chochote unaweza kuisimamisha mashine.

Ramani hiyo ni ushuhuda wa mtu mwingine. Kerneli inaipokea kisha inaipitia. Vipande vilivyopandana inavitenganisha. Ukurasa wa kwanza, KB 4 za mwanzo kabisa, inauondoa katika "usable" hata kama BIOS imesema uko huru, kwa kuwa inajulikana kwamba BIOS huutumia bila kuutaja. Kuna BIOS zilizoonekana zikiandika ovyo ndani ya MB ya kwanza mashine ikiwa tayari inafanya kazi, na ndiyo maana tangu toleo 5.13 la mwaka 2021 kerneli ya x86 inaitenga MB 1 yote ya kwanza mara inapomaliza kuchukua humo nafasi ndogo inayoihitaji kwa kuamshia vichakataji vingine. Mtu anaweza kulalamika kwamba ni upotevu. Mimi naona ni busara, maana MB moja ni bei ndogo ya kulala bila wasiwasi.

Sasa fika kwenye kiini cha barua hii. Kabla mgawaji mkubwa wa kumbukumbu, yule anayeihudumia mashine ikishawaka, hajawa tayari, kazi yote ya kumbukumbu inashikwa na mgawaji mdogo anayeitwa memblock. Ukifungua faili la `mm/memblock.c` utashangaa jinsi wazo lake lilivyo jepesi: orodha mbili tu. Moja inasema RAM iko wapi. Ya pili inasema ni wapi pamekwisha kushikwa. Kinachoweza kugawiwa ni kile kilichomo katika orodha ya kwanza na hakimo katika ya pili. Kila orodha inaanza na nafasi 128, zilizojengwa ndani ya kerneli yenyewe.

Kwa hiyo utaratibu ni mmoja na haugeuzwi: tenga kwanza, gawa baadaye. Kerneli inajitenga yenyewe, kuanzia baiti yake ya kwanza hadi ya mwisho. Inatenga initrd, lile furushi la faili ambalo GRUB, programu inayoipakia kerneli, imelipakia kando. Inatenga data ambazo GRUB na BIOS zimeiachia. Baada ya hapo ndipo mtu yeyote anaweza kuomba nafasi.

Wewe umezaliwa mahali ambapo jambo hili linaonekana kwa macho. Reli ya km 125 kutoka ng'ambo ya Kisangani ilifika kwenu mwaka 1906, mji ukiitwa Ponthierville, kwa kuwa hakuna boti inayoweza kuyapita maporomoko saba ya Boyoma. Mzigo wa treni unaokwenda Kindu hushushwa kwenu, ukangoja boti mtoni. Mfikirie mtu anayeanza kugawa nafasi za ghala kabla hajauliza ni magunia ya nani yaliyokwisha kulala humo. Atamwekea wa kwanza mahali pazuri kabisa, juu ya dawa za hospitali, na hakuna atakayepiga kelele hadi siku dawa zitakapotafutwa. Hivyo ndivyo inavyokuwa initrd isipotengwa mapema. Kerneli inamgawia mtu eneo lake, mtu anaandika yake, kila kitu kinaendelea kwa amani, na baada ya muda furushi linapofunguliwa linakutwa limevurugika. Mashine inakufa ikidai haiwezi kupata diski ya mizizi. Kijana asiyejua anabadilisha diski.

Kuna jambo jingine dogo ndani ya hizo nafasi 128 ambalo nataka ulitazame kwa karibu, kwa sababu linafundisha kuliko kurasa nyingi za vitabu. UEFI inaweza kuleta vipande vya ramani vinavyozidi 128. Orodha ikijaa, memblock inatengeneza orodha mpya yenye ukubwa mara mbili. Lakini orodha mpya itawekwa wapi? Lazima ikatwe kutoka katika RAM ile ile ambayo orodha inaielezea. Kama maeneo ya kutengwa hayajaandikwa yote, orodha mpya inaweza kuangukia juu ya initrd, na chombo cha kulinda kinakuwa ndicho kinachoharibu. Kwa hiyo orodha haziruhusiwi kukua mpaka mtu aite `memblock_allow_resize()`, na kwenye x86 wito huo umewekwa makusudi nyuma sana, baada ya maeneo ya lazima kujulikana. Ukiwa unaandika kodi ya bodi mpya na ukaona orodha imejaa, usikimbilie kuuvuta wito huo mbele. Jiulize kwanza ni nani bado hajatengwa.

Halafu kuna mpaka wa anwani ambazo memblock inaruhusiwa kugawa. Kujua kwamba RAM ipo hakutoshi, ni lazima pia kichakataji kiweze kuifikia, na njia ya kuifikia ni majedwali ya kurasa. Majedwali ya mwanzo yanaifunika kerneli na vipande vichache tu. Mgawaji akikupa anwani iliyo juu ya kilichofunikwa, atakuwa amekupa kitu halisi ambacho huwezi kukigusa. Kwa sababu hiyo, katika `arch/x86/kernel/setup.c` utaona mstari unaoiambia memblock isigawe chochote juu ya MB 1. Mashine inaweza kuwa na GB 64, lakini kwa muda huo mfupi kerneli inajifunga ndani ya MB moja. Kisha inajenga majedwali.

Hapa pana fundo. Ili kuifunika RAM unahitaji majedwali, na majedwali yanahitaji RAM iliyokwisha kufunikwa. Linafunguliwaje? Kerneli imebeba kurasa chache ndani ya mwili wake kwa kazi hiyo. Jedwali moja la KB 4 lina nafasi 512, na kila nafasi ikielekeza kwenye ukurasa wa KB 4, jedwali hilo linafunika MB 2. Basi inaanza na kipande kidogo cha MB 2 karibu na kilele cha RAM, kipande hicho kinakuwa shamba la kupata majedwali ya kipande kinachofuata, nacho ni kikubwa zaidi, na hivyo hivyo hadi RAM yote ifunikwe. Hapo ndipo mpaka unapandishwa hadi mwisho wa kilichofunikwa. Soma sehemu hiyo polepole, hata ikikuchukua wiki nzima. Mimi naiona kuwa moja ya kazi safi kabisa katika kerneli yote: kila hatua inasimama juu ya kilichokwisha kuthibitishwa, na hakuna hatua inayokopa kutoka kwa ile ambayo bado haijafika.

Turudi kwenye `mem=2G` yako. Wenzako wanadhani inasema "tumia GB mbili". Kwenye x86 haisemi hivyo. Inajenga ukuta kwenye anwani, na chochote cha "usable" kilicho juu ya ukuta kinafutwa katika ramani. Tofauti ni kubwa. Chukua laptopu ya GB 4. Chini kidogo ya anwani ya GB 4 kuna eneo la vifaa, kama kadi ya picha na kadi ya mtandao, na RAM iliyozuiliwa na eneo hilo inahamishiwa juu ya GB 4. Ukiandika `mem=4G` ukidhani umeiomba yote, umeikata ile iliyohamishiwa juu, na mara nyingine unabaki na GB 3 na kitu. Hatari ya pili ni mbaya zaidi: kerneli ikishaisahau RAM iliyo juu ya ukuta, inaweza kuyaona maeneo hayo kuwa matupu na kukiweka kifaa hapo, kwenye anwani ambayo RAM halisi ingali inaijibu. Maelezo rasmi ya kerneli yanaonya juu ya jambo hilo na kushauri `memmap=` itumike pamoja nayo.

Nenda sasa kwenye bodi ya ARM ya biti 64. Neno ni lile lile `mem=`, lakini huko linahesabu RAM yenyewe, na mashimo hayahesabiwi. Na kwa kuwa kerneli inaweza kuwa imepakiwa juu sana, ukataji huo unaweza kuiondoa kerneli yenyewe katika orodha ya RAM. Walioandika kodi hiyo waliliona, kwa hiyo mara baada ya kukata, kerneli inalirudisha eneo lake kwa mkono, kisha initrd nayo. Ukiulizwa na mwenzako "mem= inafanya nini?", mwulize kwanza anazungumzia mashine gani.

Kuhusu laptopu ya shule, nitakuambia ninavyofikiri. Ramani iliyo kwenye picha yako haina kasoro niionayo, na mashine inakufa mahali tofauti kila mara. Kasoro ya programu mara nyingi hurudi mahali pale pale. Mimi ningeshuku RAM. Unyevu wa mtoni kwenu ni mwingi, na meno ya bareti za RAM hushika kutu nyembamba isiyoonekana. Zima, toa betri, toa bareti zote mbili, futa meno yake taratibu kwa kifutio cha penseli, kisha jaribu moja moja, kila moja katika nafasi zote mbili. Kazi hii haina gharama, na nimeona mashine nyingi zikifufuka kwa hiyo tu.

Isipofufuka, ongeza `memtest=4` kwenye mstari wa GRUB. Kama kerneli yako imejengwa na uwezo huo, itajaza RAM iliyo huru kwa michoro minne ya biti, mmoja baada ya mwingine, na kuhakiki kama kilichoandikwa ndicho kinachosomeka. Eneo lililoharibika italitangaza kwa maneno "bad mem addr" na kulitenga papo hapo kwa kutumia ile orodha ya pili ya memblock. Unaona jinsi orodha hiyo ilivyo na faida? RAM iliyokufa sehemu inaweza kuendelea kufanya kazi kwa miaka, mradi sehemu iliyokufa imetajwa kabla mtu hajagawiwa. Anwani ukishazijua, unaweza kuzitenga kila mara kwa `memmap=` ikifuatwa na ukubwa, alama ya dola, na anwani ya kuanzia. Angalia hiyo alama ya dola, kwa sababu GRUB huimeza usipoikinga kwa mkwaju wa kinyume. Baada ya kuwasha, fungua `/proc/cmdline` uthibitishe kwamba ulichoandika ndicho kilichofika.

Ile kompyuta ya zamani ya biti 32 uliyoitaja nayo ina mpaka wake, MB 896 ambazo kerneli inazifikia moja kwa moja, na zinazozidi zinahitaji kerneli iliyojengwa na HIGHMEM. Usipoteze muda mwingi hapo. Jua tu kwamba upo.

Utaniuliza kwa nini amri ya `free` inaonyesha pungufu ya kilichonunuliwa. Kila ukurasa wa KB 4 una rekodi yake ya kuandikiwa hali, kwa kawaida baiti 64. GB 2 ni kurasa 524,288, kwa hiyo MB 32 zinakwenda kwenye daftari hilo pekee, na aliyeligawia nafasi ni memblock, mapema kabisa. Daftari likishakamilika, `memblock_free_all()` inamkabidhi mgawaji mkubwa kila kilicho huru, na mdogo anaondoka kazini. Baadaye hata kodi iliyotumika kuwashia inafutwa na nafasi yake kurudishwa, na utauona mstari unaoanza na "Freeing unused kernel image". Kwa hiyo ukiandika utaratibu wa kuwashia, uwekee alama ya `__init` bila uvivu, kisha usiuite tena baada ya hapo. Na ukiomba nafasi kutoka memblock, kagua ulichopewa. Ukikosa, simamisha mashine kwa ujumbe unaotaja ulikuwa unaomba kiasi gani na kwa ajili ya nini. Atakayeusoma ujumbe huo pengine yuko mahali pasipo na intaneti, hana wa kumuuliza, na mstari wako ndio msaada pekee alio nao.

Usidhani mambo haya yalishuka yakiwa yamekamilika. Mgawaji wa kwanza wa wakati wa kuwaka, bootmem, alikuwa na biti moja kwa kila ukurasa. Ingo Molnar aliiandika mwaka 1999. Memblock ilitoka upande wa PowerPC, ikapewa jina lake la sasa mwaka 2010, na kwa miaka minane wawili hao wakaishi pamoja ndani ya kerneli moja, jambo lililowachanganya wengi. Mike Rapoport ndiye aliyeiondoa bootmem kabisa, kwenye toleo 4.20 la Desemba 2018, akapita katika kodi ya kila aina ya mashine. Kazi ya namna hiyo haina sherehe, lakini leo wewe unasoma faili moja badala ya mawili.

Huhitaji mashine mpya ili ujifunze. Ukiwa na paneli ya sola, chaji laptopu yako, na QEMU, programu inayoiga kompyuta, ikiwa imekwisha kuwekwa inafanya kazi bila intaneti. Ipe kerneli MB 256 kwa `-m 256`, ongeza `console=ttyS0 memblock=debug` kwenye mstari wa kerneli, na hifadhi yote inayochapisha ndani ya faili. Utaona kila utengaji na kila ugawaji, pamoja na jina la utaratibu ulioomba. Tafuta wa kwanza kutenga, halafu wa kwanza kugawiwa, uone nani alitangulia. Kisha shusha: 128, 64, 48, 32. Usiishie kwenye kuona kwamba imekufa. Andika mstari wa mwisho uliochapishwa katika kila kiwango, na ulinganishe na kiwango kilichotangulia. Fanya mara moja ukiwa na initrd na mara moja bila hiyo, kwa sababu initrd ndiyo inayokula nafasi nyingi kwenye mashine ndogo.

Mistari hiyo ya mwisho, pamoja na matokeo ya `memtest`, ninaihitaji. Iandike kwenye karatasi, umpe yeyote anayeshuka Kisangani, naye ataniletea. Bareti ya akiba ninayo hapa, lakini sitaituma mpaka nijue ni ipi kati ya zile mbili iliyokufa, au kama kweli kuna iliyokufa.

Msalimie mama yako.

Mjomba wako